Hemofilia kwa watoto: Maji yanasaidia goti kutembea tena, lakini hayasimamishi damu

Kuna watoto wanaume wenye goti ao kifundo cha muguu kinavimba mara kwa mara, hata kama hawakuanguka na hakuna mutu aliwapiga. Nyuma ya miaka michache, muguu haunyooki tena, mutoto anatembea kwa kuinama upande moja, na mu kartiye watu wanaanza kusema alirogwa. Kwa wamoja kati yao, shida iko mu damu: wako na hemofilia, ugonjwa wenye unafanya damu isigande vizuri.

Mu inchi nyingi, wanganga wa kinezi, wale wenye kazi ya kuzoeza na kunyoosha viungo, wanatumia maji ili kurudishia watoto hao nguvu ya kutembea. Njia hiyo ni nzuri, na sehemu yake moja inaweza kufanywa hata nyumbani. Lakini iko na masharti. Muzazi mwenye kuingiza mutoto mu maji wakati mubaya anaweza kuongeza uharibifu kuliko kusaidia.

Hemofilia ni ugonjwa gani?

Mu damu ya kila mutu kuko vitu vingi vyenye kushirikiana ili damu igande wakati mutu amekatwa. Wanganga wanaviita fakta, na kila moja iko na namba yake. Mutoto mwenye hemofilia A anakosa fakta ya 8, ao iko nayo kidogo sana. Mwenye hemofilia B anakosa fakta ya 9. Hemofilia A inakamata karibu mutoto mwanaume 1 kati ya 5.000 wanaozaliwa. Hemofilia B inaonekana mara chache zaidi.

Watu wengi wanafikiri kama mutoto wa hemofilia akikatwa, damu inatoka kwa mbio kuliko ya wengine. Hapana. Damu inatoka sawa na ya kila mutu, ila inakawia kusimama. Na damu yenye kutoka inje si ndiyo yenye kusumbua zaidi. Ile yenye kutoka ndani ya mwili, fasi jicho haioni, ndiyo inavunja maisha ya mutoto: mu viungo, mu misuli na, wakati mwingine, mu kichwa.

Ugonjwa unakuwa mukali kama mutoto iko na chini ya 1% ya fakta yenye mutu muzima anakuwa nayo. Wenye 1% mpaka 5% wako kati na kati. Wenye kupita 5% mara mingi wanatambulika tu siku ya operesheni, ya kungolewa jino ao ya kutahiriwa. Huku kwetu, fasi watoto wanaume karibu wote wanatahiriwa wangali wadogo, kitendo hicho ndicho kinafunua ugonjwa mu familia nyingi: mutoto anatoka damu siku mbili, tatu, na hakuna mutu anaelewa.

Ugonjwa unapita kwa mama, hata kama mama mwenyewe mara mingi haoni alama kubwa. Mama mwenye kubeba ugonjwa, kila mimba ya mutoto mwanaume iko na nafasi nusu kwa nusu ya kuzaa mugonjwa. Ndiyo maana munganga anauliza habari za wajomba: kuko mujomba alikufa akingali mutoto? Kuko mwenye alikuwa na magoti ya kuvimba? Lakini karibu sehemu moja kati ya tatu ya wagonjwa hawana mutu wa mbele yao mu familia mwenye ugonjwa huo. Kwa hiyo kumufukuza mama juu ya “damu mbaya ya kwao” ni kumuonea. Hakuna mama anachagua kitu chenye kiko mu damu yake.

Namna damu inaharibu kiungo

Ndani ya goti, kiwiko na kifundo cha muguu kuko ngozi laini yenye kutoa ute wa kulainisha mifupa. Ngozi hiyo iko na mishipa midogo mingi. Kwa mutoto wa hemofilia, mushipa mumoja ukipasuka, damu inajaa mu kiungo. Mutoto anasikia kwanza joto na kama vile kitu kinatambaa ndani. Kisha kiungo kinavimba, kinauma, na hawezi kukikunja wala kukinyoosha.

Mwili unajaribu kusafisha damu hiyo, lakini chuma chenye kiko mu damu kinabaki na kuchokoza ile ngozi laini. Ngozi inanenepa, inaotesha mishipa mingine mipya, na mishipa hiyo nayo inapasuka kwa urahisi. Kwa hiyo kiungo chenye kiliingia damu leo kiko tayari kuingia damu tena kesho. Damu ikirudi mara 3 ao zaidi mu kiungo kimoja mu muda wa miezi 6, wanganga wanajua kiungo hicho kimeanza njia mbaya. Gegedu, ile sehemu laini yenye kufunika ncha za mifupa, inaliwa polepole, mpaka mifupa inasuguana.

Kuko na shida ya pili. Kiungo kikiuma, mutoto analala. Akilala majuma mawili ao matatu, musuli wa paja unapungua. Musuli ukiwa zaifu, goti linayumba. Goti likiyumba, mushipa unapasuka tena. Hapo zamani watoto hao walikuwa wanafungiwa muguu na kulazwa kitandani muda murefu ili “wapumuzike”, na wengi walibaki na miguu yenye kukunjika. Leo wanganga wanajua kama pumuziko ni lazima mu siku za damu, lakini damu ikiisha kusimama, mutoto anapaswa kusogea tena. Swali ni namna ya kusogeza goti zaifu bila kulibebesha muzigo. Hapo ndipo maji yanaingia.

Kazi yenye maji yanafanya

Kwanza, maji yanabeba mwili. Mutoto wa kilo 30 akisimama mu maji yenye kufika ku kiuno, miguu yake inabeba karibu nusu tu ya uzito wake. Maji yakifika ku kifua, inabeba karibu sehemu moja kati ya tatu ao chini. Yakifika ku shingo, miguu inabeba karibu kilo 3. Goti lenye linalia ku nchi kavu linaweza kupiga hatua mu maji.

Pili, maji yanapinga kwa upole. Mutoto akisukuma polepole, maji yanamupinga kidogo. Akisukuma kwa nguvu, yanamupinga zaidi. Akiacha, yanaacha palepale. Hakuna uzito wenye kuangukia kiungo. Musuli unapata kazi kwa kipimo cha nguvu ya mutoto mwenyewe.

Tatu, maji yanakamua mwili pande zote, na hiyo inasaidia uvimbe wa zamani kupungua. Nne, maji yenye joto kidogo, digri 32 mpaka 34, yanalegeza misuli yenye ilikazana juu ya maumivu.

Tena kuko jambo lenye halipimwe na mashini. Mutoto mwenye anakatazwa kila kitu, mupira, kukimbia, kupanda muti, mu maji anacheza. Anaona mwili wake unaweza. Woga wa kusogeza muguu unapungua.

Lakini maji ni daraja tu. Mutoto anaishi ku nchi kavu, na mifupa yake inaomba kubeba uzito ili ikomae vizuri. Munganga wa kinezi anaanza na maji marefu ya kifua, anashusha mpaka ku kiuno, kisha anaendelea na mazoezi ya inje ya maji. Mutoto mwenye anazoeshwa tu mu maji hajamaliza kazi.

Wakati gani mutoto hapaswi kuingia mu maji?

Hili ndilo la muhimu kuliko yote. Maji hayasimamishi damu. Kiungo chenye kimeanza kuvimba, kiko na joto na kinauma, kiko na damu mupya. Siku hizo hakuna mazoezi, wala ku nchi kavu wala mu maji. Maji ya moto ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu moto unafungua mishipa na damu inaongezeka.

Mu siku hizo inaomba kufanya hivi: mutoto apewe fakta mbio sana kama inapatikana, ikiwezekana mu saa 2 za kwanza, kiungo kipumuzike na kiinuliwe juu ya muto, barafu ao kitambala chenye kulowana mu maji ya baridi kiwekwe dakika 15 mpaka 20, na nguo kati yake na ngozi, kisha kiungo kifungwe na bande, bila kukaza sana. Kwa maumivu, parasetamoli. Hapana aspirini, na hapana ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Maumivu na uvimbe vikianza kushuka, mutoto anaanza kukaza musuli wa paja akiwa amelala, bila kukunja goti. Kisha anakunja kidogo mwenyewe. Ni nyuma ya hapo tu ndipo munganga anasema kama anaweza kuingia mu maji. Tena mutoto mwenye kidonda wazi, homa ao kuhara anangoja apone.

Namna mazoezi yanafanyika

Mara mingi mazoezi yanachukua dakika 20 mpaka 30, mara 2 ao 3 kwa juma. Kama mutoto anapewa fakta kila mara ili kujikinga, wanapanga mazoezi siku ileile ya sindano. Mutu mukubwa moja anakuwa pembeni ya kila mutoto, ndani ya maji, si ku ukingo.

Kwanza mutoto anatembea mu maji ya kifua: mbele, nyuma, kisha upande kwa upande. Anapiga hatua ndogo na kukanyaga na kisigino kwanza. Nyuma ya hapo anashika ukingo, anainua goti moja polepole na kulishusha, mara 10, kisha goti lingine. Akikaa ku ngazi, miguu ndani ya maji, ananyoosha na kukunja, kama mwenye kuendesha kinga polepole. Kwa kifundo cha muguu, anachora duara na vidole. Kwa kiwiko, anafungua kiganja na kusukuma maji mbele na nyuma. Mwishoni anacheza: kusukuma balo ndogo juu ya maji, ao kupulizia mapovu.

Sheria ni moja: mutoto mwenyewe ndiye anasogeza kiungo. Hakuna mutu anavuta muguu kwa nguvu ili unyooke. Maumivu yakianza, wanasimama.

Mutoto akizoea, kuogelea ni moja ya michezo yenye wanganga wa hemofilia wanashauri zaidi, kwa sababu watu hawagongani. Lakini goti zaifu halipendi ile namna ya kuogelea kama chura, kwa sababu inalipindisha. Kupiga miguu moja kwa moja ni afazali. Kuruka kutoka juu, kusukumana na kukimbia ku ukingo wenye maji ni hapana. Watoto wengi wanaumia ku ukingo kuliko mu maji.

Watu wenye njia hii ilibeba mbali

Kufundisha watoto walemavu kuogelea si jambo la jana. Mwaka wa 1949, ku shule ya Halliwick, mu Londoni, Muingereza James McMillan alianza kufundisha wasichana walemavu kuogelea. Hakutumia vitu vya kuelea. Alitaka mutoto ajifunze kwanza kupumua mu maji, kusawazisha mwili na kujigeuza, na mutu mukubwa moja kando yake. Njia hiyo inaitwa mpaka leo Halliwick, na wanganga wa kinezi wanaitumia mu inchi nyingi.

Kwa upande wa hemofilia, mufano wenye kujulikana ni Alex Dowsett, Muingereza mwenye kuzaliwa 1988 na hemofilia A kali. Akingali mutoto hakuweza kucheza michezo ya kugongana, kwa hiyo alianza na kuogelea. Kisha akapenda kinga. Tarehe 2 Mei 2015, mu muji wa Manchester, aliendesha kilometa 52,937 mu saa moja, na hiyo ilikuwa rekodi ya dunia wakati huo. Inaomba kusema wazi: Dowsett alikuwa na fakta kila mara tangu utoto. Maji peke yake hayangemufikisha kule.

Ziwa ao pisine?

Watu wa Bukavu, Goma, Uvira na Kalemie wako na maji mengi mbele ya mulango. Lakini ziwa si pisine ya matunzo.

Maji ya juu ya Ziwa Kivu yako karibu digri 23 ao 24. Ni baridi kwa mutoto mwenye kukaa karibu bila kusogea, na baridi inakaza misuli. Mwenye kutumia ziwa achague saa ya jua, afanye dakika 10 mpaka 15 tu, kisha amupanguse na kumuvalisha mutoto mara moja. Achague fasi yenye muchanga na yenye haishuki gafla, kwa sababu mawe yenye kuteleza ni adui. Pembeni ya Goma kuko pia mazuku, ile hewa mbaya yenye kutoka mu udongo na kukaa fasi za chini. Haionekani, na imekwisha kuua watu na nyama. Wenyeji wanajua fasi zake, aulize mbele.

Ku Ziwa Tanganyika, maji yanakuwa na joto kidogo zaidi, lakini kuko mamba na viboko, na konokono wenye kubeba bilharzia mu sehemu za majani. Kuko tena majira ya kolera. Mutoto mwenye hemofilia hapaswi kufanyia mazoezi mu maji yenye wenyeji wanaogopa.

Pisine za hoteli ni salama zaidi kama maji yanasafishwa na chini panaonekana. Mara mingi hayapashwi moto, kwa hiyo sheria ya jua na dakika chache inabaki. Saa za asubui katikati ya juma zinakuwa na watu kidogo, na wazazi wawili ao watatu wakienda pamoja wanaweza kuomba bei ya kikundi.

Kama hakuna pisine

Beseni kubwa linaweza kusaidia, lakini kwa viungo vidogo tu. Muzazi anapasha maji ku makala, anachanganya na ya baridi, anapima na kiwiko chake: yakuwe ya vuguvugu, si ya moto. Mutoto anaingiza muguu mpaka juu ya kifundo, ao mukono mpaka juu ya kiwiko, na anausogeza polepole dakika 10. Joto la maji linalegeza musuli, na kiungo kinasogea bila kuuma sana.

Kwa goti, beseni halibebi mwili, kwa hiyo halitoi faida yote ya pisine. Mutoto anaweza kulowesha goti, kisha kukaa ku kiti na kunyoosha muguu mbele, kuhesabu mpaka 5, na kushusha. Akifanya hivyo mara 10, asubui na magaribi, musuli wa paja unarudi polepole.

Kamba nayo ni chombo kizuri. Siku yenye goti liko sawa, muzazi azungushe kamba ku goti na afunge fundo fasi inakutana. Siku nyingine, kamba ikikosa kufika ku fundo, goti limevimba, hata kama mutoto anasema haliumi juu ya kuogopa kubaki nyumbani.

Mambo yenye kuharibu zaidi

Kukanda goti lenye damu mupya, kulivuta, ao kulichanja chale ili “damu mbaya itoke” ni kufungulia mutoto mulango wa kifo. Sindano za ku matako nazo ni hatari, kwa sababu musuli unaweza kujaa damu. Muzazi aseme mbele kwa muforomo kama mutoto iko na hemofilia. Ku masomo, mwalimu ajue: fimbo moja ku mukono wa mutoto huyo si fimbo ya kawaida.

Na dawa je?

Ugonjwa unahakikishwa ku labo yenye kuweza kupima fakta, na si kila muji iko nayo. Hata hivyo, historia ya kutoka damu na ya wajomba inatosha kumufanya munganga atume mutoto kwenye hospitali kubwa.

Fakta ni bei sana. Shirikisho la Dunia la Hemofilia, lenye lilianzishwa 1963 na Frank Schnabel, Mukanada mwenye alikuwa na ugonjwa huo, linatoa fakta za musaada kwa inchi zenye hazina uwezo. Siku ya Dunia ya Hemofilia, tarehe 17 Aprili, ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Tangu 2017 kuko pia emicizumab, dawa ya hemofilia A yenye kupigwa chini ya ngozi, mara moja kwa juma ao kila majuma mawili ao mane. Fasi fakta inakosekana, hospitali inaweza kutumia plasma. Mutoto mwenye kuandikwa ku hospitali kama mugonjwa wa hemofilia iko na nafasi ya kupata musaada ukifika. Mwenye kufichwa nyumbani hayuko ku liste yoyote.

Alama zenye kuomba kukimbilia hospitali

Mutoto aliyegonga kichwa, hata kama anacheka bado. Mwenye kuumwa kichwa sana, kutapika ao kusinzia bila sababu. Mwenye shingo ao koo inavimba. Mwenye kuumwa chini ya tumbo na hawezi kunyoosha paja: inaweza kuwa damu mu musuli wa ndani, na wanganga wasiojua historia yake wanaweza kufikiri ni apendisi na kumupasua. Mwenye muguu ao mukono umevimba na vidole vinakufa ganzi.

Mbele hata ya kuingia mu foleni, muzazi aseme neno moja kwa sauti: hemofilia.